Nilivyokwenda Buteba kwa Ajili ya Shamba la Chumvi

Shamba letu la kumwagilia, huku Turkwel, lilianza kuota weupe penye mtama. Mume wangu aliongeza maji, weupe nao ukaongezeka. Aliposema tuliache turudie mbuzi, nilifunga safari. Mwalimu mmoja wa hapa, wa kabila la Wateso, alinielekeza kwa mama yake, Mama Amoding, anayelima mpunga kwenye kinamasi cha Buteba. "Yule anayajua maji," aliniambia.

Siku ya kwanza nililala Kitale. Siku ya pili, saa nane mchana, nilivuka mpaka wa Busia kwa miguu, nikapanda bodaboda upande wa Uganda. Mihogo ilikuwa imefika hadi kando ya barabara. Niliona wivu.

Buteba nilipokewa kwa kikombe cha maji. "Akipi," alisema mwenyeji wangu. Kwetu Waturkana maji ni ngakipi. Tulicheka, ugeni ukaisha.

Asubuhi alinipeleka shambani. Hakunionyesha mpunga. Alinionyesha mtaro uliolikata shamba lake katikati.

"Hii natoa maji yangu na ya jirani wa juu. Kwako maji inatokea wapi?"

"Hayatoki, Toto," nilimwambia, nikimwita mama kwa Kiturkana. "Yanakaushwa na jua."

"Umewahi kupika magadi? Unachuja majivu, unachemsha ile maji mpaka inaisha. Nini inabaki kwa sufuria?"

"Chumvi."

"Basi wewe nachemsha shamba."

Hapo nikamweleza jambo ambalo hata mwanawe sikumwambia. Jirani yangu Akai, mjane, aliwahi kuniomba apitishe mtaro kwangu hadi korongoni. Nilikataa, kwa kuwa ungekula mistari minne ya mtama wangu. Shamba lake likafa kabla ya langu.

Mama Amoding hakunikemea. "Hata mimi nilikataa kwanza," alisema. "Tulisumbuana sana." Akanishika mkono, tukaenda kula.

Niliporudi Turkwel, kabla ya kufika nyumbani, nilipita kwa Akai.

"Bado unautaka ule mtaro?"

"Jembe lipo," alisema.

Tulichimba siku tisa. Mume wangu alijiunga nasi siku ya tatu. Tulipofungulia maji yaloweshe udongo, yalipenya polepole, yakatokea korongoni. Akai alichovya kidole, akaonja, akatema.

Weupe bado upo. Mtama umeota karibu na mtaro tu. Nimejifunza kuuliza maji yatatokea wapi kabla ya kuyaleta. Nimejifunza pia kwamba nilimkosesha jirani mavuno mawili, na hayo hakuna mtaro utakaoyarudisha.