Nilivyomfariji Zarina

Mimi ni mtu wa Tanga, nafundisha ustawi wa jamii katika chuo kimoja hapa Sumbawanga kwenye baridi. Somo ninalolipenda ni lile la kuwaonya wanafunzi wasimpime mtu kwa rangi yake.

Juzi nilimkuta Zarina, mwanafunzi mpya mwenye asili ya Kihindi, ameshika tama peke yake. Nikajua ni upweke wa ugenini, na upweke ukiachwa huzaa sonona.

Siku hiyo darasa lilikuwa linakwenda kijiji cha Pito kumtembelea bibi mmoja aliyefiwa na mume. Njia nzima nikawa namfariji Zarina.

"Mwalimu, mimi ni..."

"Usijieleze, mwanangu. Nitaomba uhamishiwe Dar es Salaam, uwe karibu na watu wako."

Akanitazama kwa hofu. Nikaona kweli hali ni mbaya.

Tulipofika nikamwamkia bibi shikamoo, kisha nikaanza kumweleza kwamba binti huyu ni mgeni. Bibi hakunisikiliza. Alimpapasa Zarina shavu, wakaongea Kifipa, lugha ya wenyeji wa huku, na kucheka mpaka bibi akafuta machozi.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Ananipa pole ya jino, mwalimu. Linaniuma tangu jana. Bibi ananijua tangu nazaliwa, alikuwa akinunua vitenge dukani kwetu."

"Sasa mnacheka nini?"

Zarina akainamisha kichwa. "Anakuonea huruma wewe. Anauliza mgeni wetu katoka wapi, mbona amevaa makoti mawili, na kama ameanza kutuzoea."

Darasa zima likanigeukia, likisubiri jibu.