Jani la Misheni

Harufu ya udongo uliokaa kivulini haifanani na ya udongo wa shambani. Ni nzito, ina ubaridi na uchachu wa maparachichi yaliyoanguka yakaoza. Ndiyo harufu ya upande wa chini wa shamba letu, mwendo mfupi kutoka Kebirigo, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Huko chini, penye miparachichi mitatu iliyofumana matawi, ndiko alikozikwa baba, kando ya nyumba ya zamani. Nyumba hiyo ilibomoka baada yake, nasi tukahamia juu karibu na barabara. Msalaba wake wa mti uliliwa na mchwa kabla sijaanza shule. Mvua ya kwetu, ambayo haikosi alasiri, ilikuwa ikiliteremsha kaburi kidogo kidogo kuelekea mtoni, kwa maana chini ya miti ile nyasi zilikataa kabisa kuota.

Mama alihangaika nalo. Alileta nyasi za uwanja wa shule, zikanyauka. Mwisho mpishi wa misheni, ambako Mama alikuwa akifua nguo, akampa vipande vya jani la kutambaa, juu lina michirizi ya fedha na chini ni zambarau, bichi kiangazi na masika. Hatukulijua jina, tukaliita jani la misheni. Mama alinifundisha kulipanda: unakata chini ya kifundo, unakilaza kipande udongoni, unakibana kwa kidole gumba, kisha unakifunika kwa majani makavu ya mgomba mpaka kishike. Ncha unazipunguza ili litanuke badala ya kurefuka. Baada ya miezi michache kaburi lilikuwa limefunikwa lote, na mvua ikashindwa nalo. "Hili halichagui," Mama alisema. "Lipe kivuli na maji ya kuoshea vyombo, halikudai kingine."

Kumbe jani lile lilikuwa na kazi nyingine, nami sikuambiwa. Mdogo wake baba, Baba Mdogo Nyakundi, aliyepakana nasi kwa chini, alikuwa akililia lile eneo la miparachichi. Wazee wa ukoo walikuwa wamekata shauri: mpaka upite hatua kumi chini ya kaburi, na wapimaji wa ardhi wakija waonyeshwe pale penye jani. Hayo yalikuwa mazungumzo ya wakubwa. Mimi nilikuwa na miaka minane, na watoto wakati ule hawakuketi penye mazungumzo ya wakubwa.

Masika hayo Mama alilazwa hospitali huko Kisii kwa ugonjwa wa mapafu. Nilibaki na nyanya, ambaye miguu yake haikuweza tena mteremko. Wiki zilipita, na wanawake wa kanisa waliokuja kutuombea siku ya Sabato walinong'ona wakidhani sisikii. Niliogopa mno. Nikajiwekea nadhiri ya kitoto kwamba nikikifanya kivuli chote kiwe kijani, Mama hatakufa. Kila nikitoka shule nilishuka na kisu cha kumenyea ndizi, nikakata vipande pale palipokuwa na jani, yaani kaburini, nikavipanda huku na huku.

Siku moja Baba Mdogo akanikuta nimepiga magoti. Nikadhani atanifukuza.

"Unapanda nini, Moraa?"

"Jani la Mama. Nataka akirudi akute kote kijani."

Akatazama mteremko juu mpaka chini. "Vizuri sana, mwanangu. Basi usiishie hapa. Panda mpaka kule juu, karibu na nyumba yenu. Mama yako atafurahi."

Kesho yake aliniletea muwa na jembe lake dogo. Nilimpenda mtu yule. Nilipanda mpaka vidole vikapasuka, na kaburi nikaliacha tupu bila kutambua, mvua ikamalizia kilichobaki.

Mama alirudi mwembamba, akitembelea fimbo, siku mbili kabla ya wapimaji. Nilimshika mkono nikamshusha. "Tazama, Mama. Nimepanda yote mimi." Alitazama. "Yaya," akasema kwa Kigusii, "yaya, yaya," kama mtu anayekataa kitu anachopewa. Kisha akapiga magoti akaanza kuyapekua majani kwa mikono, akitafuta tuta, na hakukuwa na tuta.

Wazee walipofika na wapimaji na mnyororo wao wa kupimia, walimwambia, "Mama Moraa, tuonyeshe." Akaonyesha chini ya mparachichi wa katikati. Baba Mdogo akaenda kusimama juu kabisa, kwenye jani lililokuwa karibu na jiko letu. "Ndugu yangu yuko hapa," akasema. "Nilimzika kwa mikono yangu." Wazee walikumbuka jani, na jani lilikuwa kila mahali. Kikulacho ki nguoni mwako. Mnyororo ulipita upande wa juu wa miparachichi yote mitatu, ikawa ya Baba Mdogo, na kabla ya mwaka kwisha miti ilikatwa ikapandwa chai.

Mama hakunichapa. Laiti angenichapa! Alisema tu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na hakuniuliza kamwe ni nani aliyenipa jembe. Mimi pia sikumwambia, mpaka tukamzika yeye huko juu peke yake.

Siku hizi jani hilo linauzwa mjini ndani ya vikopo, na jirani yangu amewahi kuniletea vipande kwa bustani yangu yenye kivuli. Nilimshukuru, nikavichoma. Nikienda nyumbani nasimama kwenye ua wa mpaka na wajukuu wa Mama. Wanauliza babu amelala wapi. Watoto wa wenzangu huonyeshwa kwa kidole. Mimi nanyoosha mkono mzima, naupitisha juu ya chai ya watu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.