Mungu Hana Wingi

Tangu wamzike Demetria, mtoto wao wa pekee, mwaka ule wa 1951, Gozbert hakubanduka kwenye daftari. Akirudi Keko kutoka bohari la bandarini, alikokuwa karani, alikaa barazani akaandika mpaka chai ikapoa. Kokushubila, mkewe, hakujua kusoma. Alidhani mumewe anawaandikia ndugu zao wa Bukoba barua zisizokwisha.

Hazikuwa barua. Gozbert aliandika habari za merikebu za chuma zinazosafiri baina ya nyota, na za miungu tisa waliozitawala dunia za huko. Mkubwa wao, Dahari, alimeza jua zima kila aliposikia njaa. Mdogo wao kabisa alikuwa msichana wa miaka minne, na dunia yake haikuwa na mbu wala homa. Huyo jina lake Demetria. Wanaotaka kumwita Gozbert mwendawazimu wamwite. Hawajawahi kumchongeshea mtoto jeneza la futi tatu.

Siku moja alikuwa akinong'ona huku anaandika, mkewe akalisikia jina la mtoto. Hakuuliza. Kesho yake, Gozbert akiwa kazini, alilichukua daftari hadi kwa Revelian, katekista, amsomee. Alitaka tu kusikia mwanawe anasemwaje humo. Revelian, mtu asiyeweza kuiona dhambi akaipita bila kuisalimia, alisoma kurasa mbili kimya kimya. Akamrudishia daftari, akasema Jumapili atakuja mwenyewe.

Alikuja baada ya misa, na hata kiti hakukitaka.

"Miungu," alisema. "Mungu hana wingi, Gozbert. Umeyatoa wapi haya?"

"Ni hadithi tu, mwalimu."

"Padri ameshaambiwa. Lichome mbele yangu, ama usikomunike tena. Na siku ukifa, usitegemee kulazwa makaburi ya kanisa."

Gozbert aliliwaza kaburi la Demetria, na nafasi waliyoiacha pembeni yake. Alijua ameshashindwa. Aliingia ndani akalileta daftari. Mkewe aliipua sufuria ya maharage bila kuambiwa, Gozbert akaziweka zile karatasi juu ya makaa. Revelian alisubiri mpaka zikaisha kabisa, akafanya ishara ya msalaba, akaaga vizuri tu.

Alipokwisha kwenda, Kokushubila alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisamehe, Baba Demetria. Mimi ndiye niliyempelekea. Ila ukurasa wake niliuchana kabla hajaja. Ile herufi naijua, ndiyo iliyo kwenye msalaba wake. Uliiandika kubwa hapo juu."

Gozbert aliikunjua. Kweli, juu palikuwa na D kubwa. Ilikuwa D ya Dahari. Ukurasa mzima ulieleza jinsi alivyolimeza jua la tatu, na jinsi watu wa huko walivyokufa gizani.

"Ndio wenyewe?" mkewe aliuliza.

"Ndio wenyewe."

"Nisomee basi."

Alikaa karibu naye, akaikazia macho mistari ya Dahari, akaanza kusoma yasiyokuwamo: dunia isiyo na mbu, mtoto mwenye afya, merikebu zikishuka kumwamkia. Sauti ilimkatika mara mbili. Alipomaliza, Kokushubila aliweka kidole juu ya ile D, akamwomba aanze tena.