Matete Niliyompa Mama

Kazi yangu ni kutunza kinamasi kilichochimbwa na watu chini ya mji wa Kericho. Mvua ikinyesha, na huku hainyeshi kwa adabu, maji ya barabarani hushuka meusi, yamebeba oili ya gereji na uchafu wa soko. Huingia kwenye mabwawa yaliyopandwa matete, yakatulia, yakapita polepole kwenye kokoto, kisha yakatoka kwenda mtoni yakiwa maangavu. Nilipenda kuwaringia wageni kwa chupa mbili, ya maji yanayoingia na ya yanayotoka. Ni mgeni mmoja tu aliyewahi kuniuliza uchafu huenda wapi. Nilimjibu haraka kama mwanafunzi hodari: hauendi popote, hubaki kwenye tope na ndani ya matete.

Ndiyo maana matete tukishayakata huzikwa shimoni. Hayapewi mifugo. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Miaka michache iliyopita, Januari ilikauka hadi majani chai yakababuka. Mama, ambaye boma lake liko ng'ambo tu ya kinamasi, alikuwa na ng'ombe mmoja. Maziwa yake yalikuwa ya mke wa ndugu yangu na kitoto chake cha kike kilichoanza kuonjeshwa chakula. Mama akanikuta nikifukia matete mabichi, akaniita weri, kijana, kana kwamba ningali wa shule.

"Weri, unachimbia nyasi shimo na ng'ombe inalia?"

Kwetu Wakipsigis nyasi si kitu cha kutupa. Mtu akishika nyasi mkononi, hata adui hushusha fimbo. Nimwambie mama mzazi kwamba kijani hiki ni sumu, na mbavu za ng'ombe wake zinahesabika? Niliona aibu. Nikafunga mzigo, nikambebea mwenyewe mpaka zizini, na nikaendelea hivyo hadi mvua zikarudi.

Maziwa yakaingia kibuyuni, yakaganda yakawa mursik, na mama akamlisha mjukuu wake kwa mkono wake.

Majibu ya maabara, tunakopeleka sampuli za maji na matete, yalikuja Mei. Maji yanayotoka hayakuwa na neno. Matete yalikuwa na madini ya risasi, yale ya betri kuukuu, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Niliisoma karatasi mara tatu. Nikasema nitamwambia mama Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine nyingi zikapita.

Msichana huyo sasa ana miaka minne na hajasema neno. Huenda ni matete, huenda alizaliwa hivyo, sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitafuna. Nikienda kwao hunishika suruali na kunitazama, nami, mtu mzima, naogopa macho ya mtoto. Kuna siku nazunguka kwa njia ndefu ili nisipite langoni kwao.

Mwezi uliopita tulimpeleka hospitali, mimi, mama na mamake mtoto. Daktari alimpima kwa upole.

"Kuna kitu si ya kawaida alikuwa anakula ama kunywa akiwa mdogo?"

"Ni maziwa tu," mama akajibu kwa fahari. "Ya ng'ombe yangu. Hii mtoto haijawahi kunywa maziwa ya duka."

Daktari akanigeukia. "Na wewe, uncle? Kuna kitu unakumbuka?"

Mama naye akanitazama, akingoja nimuunge mkono.

"Ni hivyo tu, daktari," nikasema.

Akaandika hivyo, akafunga faili.