Fuata Mdomo wa Kuku

Saa mbili asubuhi, mjini Kasulu. Ernesta anatua ndoo ya udongo mweupe mbele ya kibanda cha Isihaka kinyozi na kuukodolea macho ukuta. Umechorwa mkasi mkubwa na kichwa cha mtu aliyenyolewa vizuri. Chini kabisa, karibu na ardhi, kuna kuku kishingo, yule mwenye shingo isiyo na manyoya, amenyanyua mguu mmoja.

"Huyu si wangu," anasema.

Mwandishi wa makala haya haoni tofauti yoyote. Tangu jana anauzunguka mji huu kwa miguu kutazama picha za ukutani, na huyo kuku kamkuta kila mahali. Stendi aliambiwa kwamba akitaka kumpata mchoraji afuate mdomo wa kuku, basi naye akafuata. Mdomo wa kwanza ulimpeleka duka la vitenge, wa pili mashine ya kusaga, wa tatu ukamrudisha palepale stendi. Alikaa kwenye gogo, vumbi hadi magotini, akajiuliza kama watu wa Kasulu wanamfanyia mzaha.

"Hawakukufanyia mzaha," Ernesta anamwambia. "Mwaka jana ungefuata, ungefika mlangoni kwangu."

Ernesta ana miaka thelathini na minane. Huchora kwa udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi, vyote akivichanganya na utomvu wa mnyaa ili vishike. Ufundi huo alijifunza kwa mama yake, kwani huko kwao kila baada ya mavuno wanawake walisiriba nyumba upya na kuzipamba. Picha moja ya duka ni shilingi tatu. Mwenye duka akikubali achorewe na kuku, analipa mbili.

Kwa nini mtu ajipunguzie mwenyewe ujira? Jibu lake linaanzia kwa mumewe, Sylvesta, aliyekwenda kukata mkonge Tanga mwaka 1970. Alipoondoka walikuwa na nyumba kilimani, na kuku kishingo mwenye mguu mbovu aliyekuwa akilala juu ya mlango. Miaka mitatu baadaye watu wa kilimani wakahamishiwa vijiji vipya. Nyumba ya kilimani ikabomolewa na majirani wakatawanywa vijiji vinne. Ernesta akapangiwa nyumba upande wa Heru Juu, katika safu ya nyumba zinazofanana mno hata yeye mwenyewe aliwahi kuingia ya mwenzake na kuanza kuchochea moto.

"Nikasema, mimi ninayekaa hapa napotea. Yeye je?"

Mwalimu wa shule alimwandikia barua mbili kwenda Tanga. Hazikujibiwa. Ndipo alipoanza kumchora kuku yule kuanzia stendi, ukuta hadi ukuta, mdomo ukielekea nyumbani. Walikuwa kumi na mmoja, na wa mwisho yuko juu ya mlango wake.

Lakini Sylvesta si angeweza kuuliza watu? Swali hilo linamchekesha Ernesta kidogo.

"Ndugu mwandishi, humjui Sylvesta. Yule atalala njaa kuliko kuuliza njia. Ila kuku wake atamjua."

Mwezi Machi, mtu aliyerudi kutoka Tanga alimletea habari kwamba Sylvesta anamaliza mkataba na atarudi mwaka huu. Ernesta alifurahi kwa wiki mbili. Baada ya hapo masika yakaziosha kuta, naye akiwa kitandani na homa wenye maduka wakamwita mchoraji mwingine, Venanti.

Na huyu hapa Venanti, anatoka kibandani na brashi mkononi. Ni kijana mpole, na ukweli ni kwamba ana mkono mzuri kuliko Ernesta.

"Dada, mimi nilijua picha bila kuku haijakamilika," anasema. "Nikawaweka kila mahali, hadi Kibondo."

"Na midomo?"

"Wote nimewaelekeza mlangoni. Kuku akiupa mlango mgongo, mteja haingii. Wenye maduka wenyewe hawataki."

Isihaka, wembe mkononi, anatikisa kichwa kukubali. Yeye pia hataki kuku wake ageuzwe.

Ernesta hamgombezi mtu. Anajitwika ndoo yake na kuondoka, mwandishi nyuma yake. Hajui aanze na ukuta upi. Barabara moja ina kuku tisa: wanne wanatazama kaskazini, watatu kusini, wawili wanatazamana. Mwandishi anajaribu kuwachorea ramani kwenye daftari lake, kisha anaifuta.

Kwenye hoteli ya chai ya Bi Zena wanakuta kuku mwingine. Zamani alikuwa wa Ernesta, akitazama Heru Juu. Venanti alimrudishia rangi na kumgeuza mlangoni, upande wa barabara ya Kibondo.

"Huyu kuku wenu ana wapenzi," anasema Bi Zena akimimina chai. "Juma lililopita alikuja mtu na sanduku la bati. Akamtazama sana. Akachuchumaa, akamshika mguu."

Ernesta analiweka bakuli la chai chini. "Mguu upi?"

"Huo ulionyanyuka. Nikadhani anapenda picha tu. Alikunywa maji, akapanda lori la Kibondo."

"Aliuliza nini?"

"Hakuuliza kitu."

Ernesta anasema huenda si yeye, wanaume wenye masanduku ya bati ni wengi. Kisha anasema ni yeye. Kisha anasema hajui, na machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono wenye udongo mpaka shavu linakuwa jeupe. Mwandishi anaona aibu kwamba jana alikasirika kwa kuzungushwa nusu siku.

Kesho Ernesta anataka kupanda lori kwenda Kibondo na ndoo yake. Atatazama kila ukuta, na pale alipoishia kuku wa mwisho wa Venanti atamchora mwingine wa kuwarudisha wote. Akimkosa Sylvesta huko, basi kuku atabaki akimngoja.

Kabla ya kuagana anamvuta mwandishi hadi ukuta wa ghala lenye upenu mpana usiopitisha mvua, ambako mmoja wa kuku wake kumi na mmoja bado hajaguswa na mtu. Anamwomba ampige picha itoke gazetini.

"Mumeo anajua kusoma?"

"Hajui. Lakini chumvi hufungwa kwenye gazeti, na dagaa pia. Kibondo atanunua chumvi."

Kamera inalia mara mbili. Ernesta anasogea na kunyoosha kidole kwenye mdomo wa kuku, kisha kuelekea Heru Juu, kuhakikisha mwandishi ameelewa.

"Waambie wenzako huko wanakochapa," anasema. "Wasimgeuze ili apendeze."