Kidonge cha Siku ya Kuchuma Chai

Keti hapa karibu, msikilizaji wangu, nikueleze uchovu wa kujifunza udaktari wa familia. Si uchovu wa kukimbia. Ni wa kumuuliza mgonjwa wa mwisho maswali yale yale uliyomuuliza wa kwanza, kwa upole ule ule, huku miguu ikikuwaka moto ndani ya viatu.

Nilikuwa nimetoka Meru, nilikopanga chumba mtaa wa Kinoru na kuzungushwa wodi baada ya wodi. Kisha nikaletwa upande wa Embu, kwenye kliniki ya presha karibu na Kibugu. Daktari aliyenifunza alikaa chumba cha pili, na kabla ya kubadilisha dawa yoyote nilibisha kwake kwanza.

Adhuhuri moja aliingia mama mchuma chai. Presha yake ilikuwa juu, kama miezi iliyotangulia. Dada yake alikuwa amepooza kwa ugonjwa huo huo, na ni mama huyu aliyemlisha na kumgeuza kitandani. Akianguka naye, hakukuwa na wa kuwatunza wote wawili. Tulishamwongezea dawa mara moja. Sasa nilishika kalamu kuomba nyingine.

"Dawa unameza, mama?"

"Nameza, daktari."

Wote hujibu hivyo, na kwa jinsi nilivyochoka nilitamani sana kuamini. Lakini mwalimu wangu alinizoesha njia moja: usiulize kuhusu dawa, uliza kuhusu siku.

"Hebu nieleze jana. Uliamka, ukafanya nini?"

Akaeleza polepole. Aliwasha moto, akamwosha dada yake, akampa uji, akabeba kikapu akaenda shambani.

"Na kile kidonge cha asubuhi?"

"Kile cha mkojo? Siku ya kuchuma?" Akanitazama kwa huruma. "Daktari, wewe umewahi kuchuma chai?"

"Hata siku moja."

"Inaonekana. Majani yanafika hapa kiunoni. Nyuma kuna jirani, mbele kuna baba mkwe wa binti yangu. Nichutame wapi?"

Nilicheka, naye akacheka.

"Na leo hukuchuma. Leo je?"

"Leo ni foleni. Nikienda choo, nani atanishikia nafasi?"

"Kwa hivyo unakimeza Jumapili."

"Jumapili baada ya ibada," akasema. "Na ibada yetu ni ndefu."

Nilibisha chumba cha pili. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema tusiongeze chochote. Tuondoe kidonge kile, tuweke kingine kisichomkimbiza mtu chooni. "Rudi, wengine wanangoja," akaniambia. Hakuwa na nguvu ya kunisifu, wala mimi ya kusifiwa.

Mama aliporudi kliniki iliyofuata, alinyoosha mkono kabla sijamwambia. "Pima. Jana nimemeza na nimechuma, leo nimemeza na nimepiga foleni." Presha ilikuwa imeshuka. Haikuwa imefika tunapotaka, lakini ilikuwa njiani.

Nawe, kama una kidonge nyumbani usichokimeza, usione haya. Ukienda kliniki, kitoe mfukoni kabla hujapimwa, mwonyeshe daktari, umwambie: hiki sikimezi, na sababu ni hii.