Salamu za Vomero

Bibi wa Kitaliano niliyekuwa nikimhudumia Lewisham aliishi London, lakini roho yake ilikuwa Napoli. Kila asubuhi nikimwosha miguu alinipandisha Vomero kwa maneno, mtaa wao wa kilimani. Tulipanda treni inayovutwa kwa kamba, tukapita ngome ya mawe inayoutazama mji mzima kama mama mkwe, kisha monasteri nyeupe, halafu ngazi ndefu zinazoteremka hadi mjini. Mlango wa kwao ulikuwa kwenye ngazi hizo, kona ya pili.

Nilipomwambia naenda Napoli siku tatu na shoga yangu, akanishika mkono.

"Mpelekee dada yangu salamu. Gonga mlango, taja jina langu. Basi."

Kwetu Tanga salamu ni amana. Nikamwahidi.

Vomero nilifika, siku ya mwisho. Nikaona ngome, nikaona monasteri, na wenyeji waliovaa vizuri wakitembeza mbwa wao taratibu, kana kwamba kule juu hakuna anayechelewa kazini. Nilipochungulia zile ngazi, magoti yakakataa. Shoga naye akanipigia kelele, "Twende bwana, tutamiss ndege!" Nikanunua aiskrimu, nikageuka. Ule mlango sikuuona.

Kwetu pia mjumbe harudi mikono mitupu. Hata asipomkuta aliyetumwa kwake, husema, "Anakusalimu sana." Ni adabu tu, hakuna anayeihesabu kuwa uongo. Basi Jumatatu nikamwambia bibi, "Dada anakusalimu sana. Anasema anakungoja."

Maji yakawa yanadondoka sakafuni kutoka kwenye sponji niliyoshika.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Dada yangu alikufa mimi nikiwa msichana," akasema polepole. "Nilitaka tu mlango ule usikie jina langu."

Hapo ndipo ningesema kweli. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimeshafika mwisho wake. Lakini bibi alikuwa anatabasamu, nami nikaogopa. Niliogopa kufukuzwa kazi, niliogopa kumvunja moyo na, Mungu anisamehe, nilimwogopa huyo dada.

Tangu siku ile chakula kikamshinda. Kila nikija namkuta kitandani amevaa koti, mkoba mapajani, macho mlangoni. Binti yake alimwita daktari, na daktari akasema ni uzee. Nilisimama pale na trei ya supu iliyopoa, nikaitikia kwa kichwa kama mtu asiyejua kitu.

Alifariki mchana, mvua ikinyesha. Kabla ya hapo alifumbua macho, akanitafuta mpaka akanipata.

"Nisindikize," akasema. "Wewe ulifika juzi tu. Mimi nimeanza kusahau, naogopa kupotea."

"Hutapotea," nikamwambia, nikamshika mkono na kumpandisha Vomero kwa maneno yake mwenyewe: treni, ngome, monasteri, ngazi, kona ya pili, hadi ule mlango ambao sikuuona.